Kipimo cha sukari cha miezi mitatu ukijipimia mwenyewe: namba hiyo inasema kweli kwa damu ya nani?

Watu wanaotaka kupima sukari yao kimyakimya nje ya kliniki mi nawaelewa kabisa. Foleni ya kliniki ya sukari unaijua, unafika alfajiri na njaa yako, faili linatafutwa, na kwenye benchi yupo jirani wa mtaa wa pili ambaye hadi jioni atakuwa keshamwambia shemeji yako. Mwingine hataki kazini wajue, mwingine ana binti anaposwa hataki maneno. Kwa hiyo mtu akisikia kuna kiti, yaani kisanduku cha vifaa vya kupimia, unajichoma kidole ukiwa sebuleni na baada ya dakika tano unajua sukari yako ilivyokwenda miezi mitatu nyuma, lazima avutiwe. Anaagiza kwa ndugu aliyeko Marekani, au anaingia maabara binafsi, analipa keshi, anatoka na karatasi yake mfukoni na hakuna aliyemuuliza kitu.

Na kipimo chenyewe, HbA1c, ni kizuri, hilo halina ubishi. Sukari iliyomo kwenye damu inajishikiza kwenye hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na kwa kuwa chembe hizo zinaishi kama siku 120 hivi, ukipima ni asilimia ngapi ya hemoglobini imeshikwa na sukari unapata wastani wa muda wote huo, ingawa mwezi wa mwisho ndio unachangia karibu nusu. Glukomita, ile mashine ndogo ya kupima sukari ya papo hapo kwa tone la damu, ni mauzo ya leo, A1c (ndiyo hiyohiyo HbA1c kwa kifupi) ni hesabu ya miezi mitatu. Ndio maana haidanganyiki na wale wenzetu (tunajuana) wanaojinyima wali na chapati wiki ya kliniki tu ili asubuhi mashine isome vizuri. Uchambuzi wa ule utafiti mrefu wa Uingereza, UKPDS, uliotoka mwaka 2000 ulionyesha kwamba kila A1c ikishuka pointi moja, madhara ya mishipa midogo, yaani macho na figo, yalipungua kwa asilimia 37. Hayo ni mambo mazito, mtu akiamua mwenyewe kuifuatilia kila baada ya miezi kadhaa badala ya kusubiri tarehe ya kliniki siwezi kumwambia anakosea.

Shida yangu iko kwingine na naona haisemwi sana. Kipimo hiki kinapima sukari kupitia hemoglobini, sasa kama hemoglobini yako au chembe zako nyekundu zina mambo yake, namba inatoka ikiwa imepinda na hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuambia. Aliyegundua uhusiano huu, Samuel Rahbar wa Iran mwaka 1968, alikuwa hatafuti kisukari, alikuwa anachunguza damu za watu akitafuta hemoglobini zisizo za kawaida ndipo akaiona kwa wagonjwa wa sukari. Na hizo hemoglobini zisizo za kawaida ndizo zinazokivuruga kipimo hadi leo, na sehemu zilizokaa na malaria miaka na miaka, pwani yetu na ukanda wa ziwa, ndizo zilizojaa. Mwenye selimundu chembe zake zinakufa mapema, sukari haipati muda wa kujishikiza, A1c inasoma chini. Hata anayebeba tu kinasaba cha selimundu, ambaye haumwi wala hajui, mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Wamarekani weusi ukaonyesha A1c yao inasoma chini kidogo ukilinganisha na wasiobeba wenye kiwango kilekile cha sukari.

Halafu kuna upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, ile hali ambayo mtu akimeza primakwini, dawa ya malaria, anaweza akakojoa mkojo mweusi. Mwaka huohuo 2017 utafiti mwingine mkubwa wa vinasaba ulikuta kwamba aina ya G6PD inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika inashusha A1c ya mwanaume kwa takriban pointi 0.8 bila sukari yenyewe kushuka hata kidogo. Hebu piga hesabu: kisukari kinaanza kuhesabiwa kwenye 6.5, huyu bwana ambaye angesoma 6.5 anasoma 5.7, anaikunja karatasi yake anaenda kunywa soda. Ongeza aliyetoka kuumwa malaria kali au kuongezewa damu, mama mjamzito, mtu wa figo. Upungufu wa madini ya chuma nao unavuta kwenda upande mwingine, unaipandisha, na mtu anaingia hofu bure.

Sasa utasema hata hospitali wanatumia kipimo hichohicho. Kweli, na hospitali nao hukosea. Ila pale kuna mtu mwenye nafasi ya kukuuliza kama kwenu kuna selimundu, na akiona majibu hayaendani na mwili wako anaweza kuagiza kingine. Halafu WHO ilipokikubali A1c kwa kutambua kisukari mwaka 2011 ilisema mtu asiye na dalili asipewe jina la ugonjwa kwa kipimo kimoja tu, kirudiwe. Nyumbani nani anarudia? Kiti kimoja ni hela, ukipata namba nzuri unaipenda unaiacha hapohapo.

Kwa hiyo mi naweka mstari hivi. Kama ulishaambiwa una kisukari, damu yako inajulikana, na A1c ya maabara imekuwa ikiendana na unachokiona kwenye glukomita, jipimie tu, hata kiti kikikosea kidogo unaangalia inaelekea wapi. Lakini kama ndio unataka kujua kwa mara ya kwanza kama unayo, kujipimia A1c peke yako kimyakimya naona ndio njia mbovu kuliko zote, maana inaweza ikakupa amani ya uongo. Glukomita ya kawaida ingekufaa zaidi, asubuhi kabla ya kula na masaa mawili baada ya chakula, kwa siku kadhaa, ukiandika. Hiyo inasoma sukari yenyewe. Wakati wa Ramadhani ndio utaona vizuri, mchana uko chini unajisifu, baada ya futari ya tambi, kaimati na tende mashine inakuambia ukweli.

Glukomita nayo ina vituko vyake. Mashine bei rahisi, stripi ndizo zinazokumaliza, na kopo likiachwa wazi au kwenye gari juani Dar hizo stripi hazina kazi tena. Ile iliyotoka Marekani, inayosoma kwa mg/dL badala ya mmol/L ya kwetu, inasoma 126 watu nyumbani wanapiga mayowe wakati ukigawa kwa 18 ni 7.0. Na aliyeko Uingereza, ambako A1c inaandikwa kwa mmol/mol badala ya asilimia, akituma picha ya A1c ya 53 msikimbilie kuchanga nauli, ni 7 ya kwetu.

Vile vidude vya kusoma sukari vinavyobandikwa mkononi kama wiki mbili vinaliruka tatizo la hemoglobini kabisa, Marekani tangu 2024 viwili, Stelo na Lingo, vimeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Vizuri sana kwa mwenye uwezo. Ila yule aliyekimbia jirani wa kwenye benchi ajue apu inakusanya sukari yake mchana na usiku na kuihifadhi kwa kampuni. Tanzania tuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022 na Kenya wana yao ya 2019, lakini masharti ya apu nani huwa anayasoma, tunabonyeza kubali tunaendelea.

Kama umeshapima A1c na una glukomita, zilinganishe. A1c ya 6 ni wastani wa sukari ya kama 7.0 mmol/L kwenye glukomita, ya 7 ni 8.6, ya 8 ni 10.2. Kidole kikikuonyesha 9 na 10 asubuhi na jioni halafu karatasi inasema 5.9, usichague ile inayokufurahisha. Nenda ukawaambie namba zote mbili, uliza picha kamili ya damu na selimundu, na omba kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 unapimwa tena baada ya masaa mawili, ikifika 11.1 huo ni ukanda wa kisukari hata A1c iseme nini.