Saikolojia ni sayansi? Pingamizi la Kant limejibiwa nusu

Ukiuliza saikolojia ilizaliwa lini, wengi watakujibu bila kusita: mwaka 1879, Leipzig, Ujerumani, kwenye maabara ya Wilhelm Wundt. Ni tarehe nzuri ya kukumbuka, ila inatuficha jambo. Ubishi kuhusu kama nafsi ya mtu inaweza kufanyiwa sayansi ulikuwapo karibu karne nzima kabla ya maabara hiyo, na kwa maoni yangu anayetaka kuamua hadhi ya saikolojia leo hana budi kuanzia huko.

Mwaka 1786 mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kwamba elimu ya nafsi haiwezi kuwa sayansi ya maumbile kwa maana kamili. Alitoa sababu ambazo naziona kuwa mbili. Kwanza, yanayopita ndani ya nafsi hayaingiliki kwa hisabati. Pili, hali ya nafsi hubadilika pale pale inapochunguzwa, na mtu mwingine mwenye fikra zake hakubali kuwa chombo cha majaribio yetu jinsi tutakavyo. Sijaona mpinzani wa saikolojia aliyekuja na hoja nzito kuliko hizo.

Hoja ya kwanza ilivunjwa, tena kwa vifaa vya kawaida kabisa. Ernst Weber, mwanafiziolojia wa Leipzig, aliwapa watu vitu vya kupima kwa mkono na kuwauliza kipi kizito zaidi. Aligundua kwamba mkono hauhisi tofauti yenyewe, unahisi uwiano. Tuseme mtu aliyeshika gramu 100 anahitaji nyongeza ya gramu 5 ndipo atambue mabadiliko. Akishika gramu 200 atahitaji kama gramu 10. Gustav Fechner akaushika uwiano huo, na mwaka 1860 akachapisha kanuni ya hisabati inayounganisha nguvu ya kichocheo na nguvu ya hisia. Miaka kumi nyuma yake, Hermann von Helmholtz alikuwa amepima mwendo wa ishara katika neva ya chura na kupata makumi machache tu ya mita kwa sekunde, jambo ambalo mwalimu wake mwenyewe aliliona haliwezekani. Kama ishara ya neva inachukua muda, basi hata kuhisi na kuamua kunachukua muda, na muda unapimika.

Kisha akaja Hermann Ebbinghaus, ambaye kazi yake bado inanistaajabisha. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri peke yake kwa mpangilio mkali, kisha akapima ni kazi kiasi gani anaokoa anapozikariri upya. Baada ya saa moja aliokoa asilimia 44 hivi. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 31, 21. Alichapisha mwaka 1885 akiwa mtafiti na mtafitiwa kwa wakati mmoja. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walirudia jaribio lake wakapata mchoro wa usahaulifu unaofanana sana na wake.

Wundt, basi, alirithi vipimo vilivyokwisha kuanza. Mchango wake ulikuwa kuvipa makao: maabara, jarida, na wanafunzi waliotoka nchi nyingi. Na ni yeye aliyeweka mpaka, kwani aliamini kwamba lugha, dini na desturi haviwezi kuelezwa kwa majaribio ya maabara, akaviandikia juzuu kumi za aina nyingine.

Hoja ya pili ya Kant ndiyo inayonisumbua. Mwaka 1962 mtafiti Martin Orne alieleza jinsi alivyowapa watu karatasi 2,000 zilizojaa hesabu za kujumlisha, akitafuta kazi ya kipuuzi ambayo wataikataa. Hawakukataa, waliendelea kwa saa kadhaa. Akawaagiza wachane kila karatasi wanayoimaliza vipande visivyopungua 32, kisha wachukue nyingine. Wakaendelea vilevile. Waliamini kuna jambo kubwa linalopimwa, wakajitahidi kuwa watafitiwa wema. Jiwe halimpendezi mwanafizikia namna hiyo.

Kwa hiyo matokeo ya 2015 hayakunishangaza. Kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo ya kuaminika kitakwimu. Ziliporudiwa, asilimia 36 tu. Wengine walitangaza kwamba saikolojia imekwisha. Daniel Gilbert wa Harvard na wenzake walijibu kwamba baadhi ya marudio yalibadilisha mazingira ya jaribio, hivyo hayakuwa marudio ya haki. Wana hoja, lakini haitoshi kufuta pengo kubwa hivyo. Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: waliofichua udhaifu huo ni wanasaikolojia wenyewe, kwa kutumia vipimo vyao wenyewe.

Kinachonivutia zaidi ni mgawanyo. Tafiti za utambuzi, yaani jinsi akili inavyohisi, kukumbuka na kufikiri, zilifaulu karibu nusu, zile za saikolojia ya jamii karibu robo. Naona Kant anapita hapo katikati. Chukua jaribio la John Ridley Stroop la 1935: neno “nyekundu” limeandikwa kwa wino wa kijani, nawe unatakiwa kutaja rangi ya wino. Utachelewa. Ukielezwa lengo la jaribio, bado utachelewa. Kinachoshinda ujuzi wa mtafitiwa, kama mkono wa Weber na silabi za Ebbinghaus, nakiita sayansi bila kigugumizi. Lakini muulize mtu kuhusu chuki yake kwa jirani, au kama angemtii mkubwa wake hata akimwamuru ubaya, na hapo hapo anaanza kukisia unataka nini. Maswali yanayowafanya watu waitafute saikolojia mara nyingi yako upande huo wa pili.