Mshenga wa Maboga

Vitoto vya maboga bustanini mwangu vilikuwa vikifikia ukubwa wa kidole gumba, kisha vinageuka manjano, vinaoza kuanzia nchani na kudondoka. Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu hata la swali nisiloulizwa, niliamua papo hapo kwamba huo ni ugonjwa, nikapuliza dawa ya wadudu asubuhi, saa ileile ambayo maua yamechanua na nyuki wamo kazini. Vitoto viliendelea kudondoka, na nyuki nao wakatoweka. Nilipoona kwamba maua mengine yamekaa juu ya vikonyo vyembamba bila kitoto chochote chini yake, niliyahesabu kuwa magoigoi yanayokula bure, nikayakata yote.

Baadaye nilisoma kwamba magoigoi hayo ndiyo yaliyokuwa madume. Chavua ya boga, yaani unga wa ua dume unaopaswa kulifikia jike, ni nzito na inanata, upepo hauiwezi. Ua lenyewe hufunguka asubuhi moja tu na kufumba kabla ya adhuhuri, na jike lisilofikiwa na nyuki kwa muda huo kitoto chake hunyauka. Ugonjwa haukuwapo. Nilikuwa nimejaza bustani wachumba, na waume nimewatupa kwenye mboji.

Kesho yake jike moja lilichanua, nami sina dume hata la dawa. Kwa jirani yalikuwapo tele. Kwa kuwa niliona haya kumgongea mtu mlango alfajiri kwa sababu ya ua, niliruka ua ili nichume ua (lugha yetu nayo ina utani wake), na nilipolisokomeza tu kwenye mfuko wa shati, jirani akatokea na mswaki mdomoni.

“Jirani, kwema?”

“Kwema, jirani. Nimekuja kuposa.”

Aliutoa mswaki. “Kumposa nani?”

Kabla sijafafanua, mfuko ulianza kuvuma. Nyuki aliyekuwa ndani ya ua, pengine wa mwisho mtaa mzima kunusurika na dawa yangu, alinidunga kifuani, nami nikavua shati huku nikirukaruka juu ya maboga ya watu. Mkewe alipotoka alikuta mposaji kifua wazi, na ua limepondwa chini ya kiatu.

Jirani alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, jambo lililoniumiza kuliko nyuki. Kisha akachuma dume lingine, akachungulia ndani yake kwa makini, akanikabidhi.

“Mpeleke bwana harusi,” alisema, “ila mshenga atoke kwa kupitia mlangoni.”