Pampu Imechoka

Kampuni ilitaka mhandisi umeme mwenye uzoefu wa miaka miwili. Tulioitwa kwenye usaili tulikuwa wanne, na uzoefu wetu wote ukiujumlisha, ukaongeza na sikukuu, haukufika miaka miwili. Hilo halijawahi kumzuia mhitimu wa Tanzania kutuma maombi. Kuna mafunzo kwa vitendo, yale ya wiki nane mwaka wa masomo unapoisha, na CV ikiandikwa kwa ufundi yanasomeka kama utumishi uliotukuka. "Alishiriki matengenezo ya transfoma" maana yake alishika tochi.

Afisa rasilimali watu, dada mmoja mkali wa miwani, alitueleza bila kuulizwa jinsi mchujo ulivyokwenda. Aliyeambatisha hati ya matokeo badala ya cheti, nje. Barua isiyo na saini, nje. Aliyetuma mafaili saba badala ya PDF moja, nje. Walioandika "nina bidii na ninajituma" walibaki kwenye kompyuta. Walioandika "nilipima insulesheni ya mota sita kwa mega, mbili nikazikuta mbovu" walichapishwa. Wote wanne tulikuwa tumeshasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama wahandisi wahitimu. Usajili huo mtu anaweza kuuomba akishapata shahada yake, ila wengi hukumbuka siku tangazo linapoudai.

Kisha akakusanya vyeti vyetu halisi. Jamaa wa Mbeya alikuwa amevifunga vyake kwenye plastiki, vile vya kupitishwa kwenye mashine ya moto stesheneri.

"Nani alikutuma?" Dada akamuuliza. "Cheti kikishafungwa hivi nitakaguaje karatasi? Nitapapasaje muhuri?"

Jamaa akaomba radhi. Vyeti vikapangwa juu ya meza vikisubiri kukaguliwa, na meza ikahamishiwa karakana, kwa sababu ofisini AC ilikuwa imekufa na karakana ilikuwa na feni kubwa la ukutani. Hapo ndipo tulipojua kuna usaili wa vitendo. Suti zilikuwa nne, ovaroli mbili.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa haki. Kulikuwa na ubao wenye kontakta tatu (swichi zinazovutwa na koili ya umeme), taima, ovalodi ya kukata umeme mota ikizidiwa, na vitufe viwili, halafu mota ya fezi tatu iliyoungwa na pampu. Pampu inavuta maji kwenye tanki la lita 1,000 na kuyarudisha mlemle kwa mpira wa inchi 2. Kazi: unga stata ya sta-delta, ile inayoamsha mota kwa upole ikiwa sta kisha kuihamishia delta, washa, maji yazunguke. Saa moja na nusu, wawili wawili. Mimi nikapangwa na dada aliyeanzia chuo cha ufundi Arusha kabla ya kwenda kuchukua shahada. Bahati hiyo sikuiomba, ila niliipokea kwa mikono miwili.

Jopo lilikuwa la watu watatu: Dada wa vyeti, Injinia mkuu, na Meneja aliyevaa suti rangi ya maziwa kwa sababu jioni alikuwa na send-off ya mpwa wake. Nyuma yao alisimama Mzee, fundi wa karakana, ambaye tangu asubuhi alikuwa akicheka kimya kimya.

Wenzetu walitangulia. Mchoro wao ulikuwa safi kuliko wa kitabu, lakini walisahau kufungia kontakta ya sta na ya delta zisishike kwa pamoja. Waya mmoja tu wa kupitisha koili ya hii kwenye mguso wa kawaida-fungwa wa ile, yaani unaofunguka ile ikishika, na ya ile kwenye wa hii. Ukiusahau, siku kontakta hizo mbili zikishika pamoja, fezi tatu zinakutana uso kwa uso. Injinia aliliona kabla umeme haujawashwa, akawaambia wakae. Walikaa.

Zamu yetu. Nilishafungua boksi la kontakta na bisibisi iko mkononi, Dada Arusha akanizuia.

"Subiri. Kibati cha mota kiko wapi?"

Kibati, kile chenye vipimo vya mota, kilikuwepo, ila kimepakwa rangi. Mota nzima na pampu yake zilikuwa zimepuliziwa kijani kibichi cha kung'aa. Mzee akaeleza kwa fahari kwamba bosi alisema wageni wanakuja, vitu vipendeze. Dada Arusha akaomba tina na kitambaa, akasugua. Ikatokea: 3 kW, 230/400 V, 50 Hz, mizunguko 2,850 kwa dakika, ampea 10.9/6.3.

"Hii haiungwi sta-delta," akasema.

Meneja akamtazama Injinia. Injinia akatazama kibati. Ukweli ulikuwa huu: mota iliyokusudiwa, ya 7.5 kW yenye 400/690 V, ilikuwa kwa wasukaji wa koili. Mzee akaweka ndogo iliyokuwa stoo, hakuna aliyeambiwa. Kwenye mota ya 230/400 kila koili imetengenezwa kwa volti 230. Umeme wetu kati ya fezi na fezi ni 400. Ukiunga sta, kila koili inapata 230 yake na mambo ni shwari. Taima ikihesabu sekunde zake sita na kuhamishia delta, koili ileile inapigwa 400, mara 1.73 ya haki yake. Chuma cha mota kinashiba sumaku, ampea zinapaa, na ovalodi isipowahi, ndani ya dakika chache mtakuwa mnatazamana kwenye moshi. Yenye 400/690 ndiyo ya sta-delta kwa umeme wa hapa.

Kimya kikapita. Kisha Meneja akakohoa. "Vizuri sana. Huo ndio ulikuwa mtego wetu."

Injinia aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta nati sakafuni. Mzee akatoka nje kidogo.

Basi tukaunga moja kwa moja, kwa kontakta kuu peke yake. Mota ya 3 kW haihitaji sherehe: inapowaka huvuta kama ampea 40 kwa muda mfupi sana, kisha inatulia, na breka ya aina ya C ya ampea 16 inavumilia. Kwenye boksi la mota tukaunganisha ncha za koili W2, U2 na V2 kwa vipande vya shaba, ndiyo sta yenyewe, fezi zikaingia U1, V1 na W1, waya wa 2.5 mm². Ovalodi tuliikuta imewekwa 8.7, hesabu ya ile mota kubwa: ampea 15 mara 0.58, kwa sababu kwenye sta-delta ovalodi mara nyingi huwa upande unaobeba mkondo wa koili. Tukaishusha hadi 6.3. Nikapima insulesheni kwa mega, zaidi ya megaohmu 50. Pampu ikajazwa maji kwanza kwa ndoo, maana ya aina hii ikianza kavu haivuti, inanguruma tu na kuunguza sili yake.

Dada Arusha akabonyeza kitufe cha kijani. Mota ikalia vizuri. Mwisho wa mpira maji yakatoka, lakini yalitoka kwa uvivu, yakidondokea tanki bila haraka yoyote.

"Si nilisema?" Injinia akamgeukia Meneja. "Pampu imechoka."

Hiyo pampu, kumbe, ilikuwa na faili lake. Ilikuwa imeshaandikiwa barua ya kuchoka, maombi ya kununua nyingine yalikuwa yamepita manunuzi na kusainiwa. Dada Arusha hakuwa akisikiliza. Alikuwa amezima, amepiga magoti na ovaroli iliyompwaya, anasugua rangi kwenye tumbo la pampu.

"Mzee, shikamoo. Mshale ulikuwa wapi hapa?"

"Marahaba mwanangu. Mshale wa nini?"

Mshale ukatokea chini ya kijani, umechongwa kwenye chuma chenyewe. Akawasha na kuzima papo hapo, tukaangalia feni la nyuma ya mota likipunguza mwendo. Lilikuwa linazunguka kinyume na mshale.

Hapa watu wengi hudanganyika, na si wa karakana ile tu. Pampu ya aina hii ikizungushwa kinyume haipeleki maji kinyume. Maji bado huingia katikati na kutupwa pembeni, yanatoka kwenye tundu lilelile, ila mapezi ya ndani yamepindwa kwa mwelekeo mmoja, kwa hiyo ukigeuza mzunguko unapoteza sehemu kubwa ya maji na ya presha. Mtu akiona maji yanatoka anasema nzima lakini dhaifu. Tena zipo ambazo gurudumu la mapezi limefungwa kwenye shafti kwa nyuzi za skrubu. Hizo ukigeuza, linajifungua na kuja kugonga kifuniko.

Mzee akakuna kichwa, akakumbuka. Kebo ya ardhini iliyoleta umeme karakana iliwahi kukatwa na wachimba mtaro, ikaungwa upya. Baada ya hapo drili ya mezani ilizunguka kinyume, wakabadilisha waya mbili kwenye mota yake. Kompresa hivyohivyo. Msumeno hivyohivyo. Pampu ilitoa maji, ikasamehewa.

"Basi turekebishe ukutani, kwenye swichi kuu ya karakana," Dada Arusha akasema, "fezi zikae sawa kwa wote."

"Usiguse ukuta!" Injinia akaruka. "Mashine nyingine zote zimeshageuzwa. Ukirekebisha ukuta unaziharibu zote."

Hoja ilikuwa na uzito, na haikuwa siku ya kubishana na mtu anayejaza fomu ya alama. Tukabadilisha waya mbili kwenye boksi la mota, V1 na W1, tukakaza, tukafunga.

Sasa niwapange watu walipokuwa. Tundu la kutolea maji la pampu linaangalia juu, limefungwa kiwiko, na kiwiko kimeelekea mezani. Mpira umevalishwa kwenye kiwiko bila klipu. Umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ambacho kwa maji ya uvivu kilitosha. Dada wa vyeti yuko mezani na cheti changu cha Kidato cha Sita mkononi. Meneja, ambaye sasa amevutiwa kweli, amesogea hadi kwenye tanki kuchungulia mwisho wa mpira, na kiatu chake cha kushoto kiko juu ya mpira.

"Mkuu, mguu," nikasema.

"Washeni!" akasema.

Pampu ya namna ile ikizunguka sawasawa hutoa kama lita 5 kila sekunde. Lita hizo zilifika kwenye kiatu, zikakuta njia imefungwa, presha ikapanda, na tyubu ya baiskeli ikasalimu amri. Mpira ukachomoka kwenye kiwiko. Cha kwanza kulowa kilikuwa meza. Cha pili kilikuwa Dada, miwani na yote. Meneja aligeuka kuona kelele ni ya nini, akakanyaga mpira ukiwa unateleza, akakaa chini ndani ya dimbwi, na maji yakaendelea kumfuata kwa sababu kiwiko hakikukazwa nacho, kilikuwa kinageuka taratibu upande wake.

Injinia akakimbilia ubaoni kubonyeza kitufe chekundu. Dada Arusha akamshika mkono wa ovaroli. "Ubao umelowa, Injinia!" Akaenda kwenye swichi ya ukutani, ambako kulikuwa kukavu, akakata umeme wote. Feni likasimama. Kilichosikika kikawa matone na Mzee, ambaye sasa alicheka hadharani.

Vyeti vya watu watatu viliokotwa kimoja kimoja. Muhuri wa wakili kwenye nakala zangu ulikuwa umeota mbawa, wino wa bluu umeenea hadi kwenye jina la mama. Tukavianika kwenye waya wa karakana kama dagaa wa Mwanza, vya chuo upande huu, vya sekondari upande ule. Jamaa wa Mbeya alivipangusa vyake kwa tai, akavirudisha kwa Dada kwa mikono miwili.

"Hivi hapa, dada. Vikavu."

Dada alivipokea bila neno.

Usaili wa mdomo ulifanyika hata hivyo. Meneja aliuliza maswali akiwa ndani ya ovaroli ya pili, iliyoandikwa KIBARUA mgongoni, na suti ya maziwa ikichuruzika kwenye mkono wa drili. Aliniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nilimwambia najiona nimemaliza ile miaka mitatu ya SEAP, mafunzo kazini ya wahandisi wahitimu, chini ya mhandisi mlezi na kusajiliwa ERB kama mhandisi kamili. Akauliza swali moja tu zaidi: klipu ya mpira wa inchi 2 inauzwa bei gani. Sikujua. Mzee alijua.

Dada Arusha alipewa nafasi. Mimi na jamaa wa Mbeya tukachukuliwa kama watarajali, posho ya nauli na chakula, na kazi yetu ya kwanza ikawa kuandika taarifa ya tukio. Rasimu yetu ilisema "kiatu". Iliporudi imesainiwa ilisema "kizuizi cha muda kwenye njia ya maji".

Maombi ya pampu mpya hayakuweza kufutwa, kwa kuwa yalikuwa yameshalipiwa. Ikaja, nyekundu, ina mota yake na mshale unaosomeka. Injinia akaamuru ifungwe haraka kwenye waya wa ukutani, ule ambao hatukuruhusiwa kuugusa. Ikajazwa maji, ikawashwa, maji yakatoka kwa uvivu.

"Hawa wauzaji," Injinia akasema, "wametuletea iliyochoka."