Makosa Madogo Madogo

Jamani, gari bovu si tatizo. Gari likizima umeshapewa hukumu: unaita vijana wasukume, unakopa, fundi anafungua, maisha yanaendelea. Huna cha kuamua. Balaa ni gari zima lenye makosa madogo madogo.

Juzi, Agosti hii hii, nimeamka alfajiri nikapeleke kagari kangu kukaguliwa nipate stika. Nimekaosha kwa ndoo mbili za maji, na sisi wa Nkuhungu tunajua ndoo mbili maana yake nini. Sijafika hata lami, upepo wa Dodoma ukanipokea. Nilifika kwenye ukaguzi na gari rangi ya udongo, dereva rangi hiyo hiyo.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Afadhali angekuwa mkali, mtu mkali unarudi nyumbani una wa kumlaumu. Huyu ananiita mzee, anainama, anachungulia na tochi, anatikisa, anaandika. Na kila akiandika ananifariji: "Hili dogo tu, mzee." Akamaliza akanipa karatasi. Madogo saba.

Kwanza waipa. Raba zimekauka, zimepasuka. Sasa mtu wa Dodoma unamwambia raba imekauka? Jua linalokausha zabibu litashindwa raba? Nikamweleza hesabu: mvua ya hapa inakuja Desemba, Aprili imeshaaga. Nikinunua waipa leo, zitakaa juani miezi minne zikisubiri kazi. Mvua ikifika nazo zimeshapasuka, ninunue tena. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na vumbi, mzee?" Nikanyamaza.

Halafu ufa kwenye kioo cha mbele. Huo nilizawadiwa na jiwe la lori mwaka juzi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami niliuziba: stika ya mwaka jana niliibandika juu yake. Kijana akaipapasa kwa kidole, akacheka, akaandika. Lakini jamani, ukitoka Kintinku ukapanda kuelekea Manyoni, ule ni ukingo wa Bonde la Ufa. Nchi ina ufa wa kiasi kile toka enzi za mababu, haujazibwa, na makao makuu yamehamishiwa huku huku. Mimi kaufa ka kiganja ndiyo nikose usingizi?

Tairi la spea nalo. Mimi najua tairi lina meno, basi. Kijana akanionyesha tarakimu nne ubavuni: 3517. Kumbe mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Neema wangu kazaliwa 2018. Yaani tairi ni dada mkubwa, na halijawahi kutoka ndani ya buti. Nililinunua mtumba nikasifiwa meno yake, nikalipia meno.

Taa ya namba haiwaki. Hii nilitaka kubishana. Nani anasoma namba yangu usiku? Wanaonijua wananijua kwa mlio. Na kusema kweli giza lile lilikuwa na faida zake, hasa nikipita karibu na duka fulani. Tuyaache.

Nikapeleka karatasi kwa fundi. "Mbukwenyi, bosi!" Fundi akikusalimia kwa furaha ya namna ile, shika mfuko. Honi inayokohoa na injini kutoa jasho la oili akazipita kama hajaziona. Akapiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akatikisa. Kotokoto, kotokoto.

"Boljointi hii, kiungo kinachoshika gurudumu, inaondoka, bosi. Ikichomoka gurudumu linalala."

"Itachomoka lini?"

Akafuta mikono kwenye tambara, akaangalia juu kama anayesoma mawingu. "Aah, inaweza kwenda hata mwaka. Inaweza isivuke geti hilo."

Sasa hilo ni jibu? Kati ya geti na mwaka kuna maisha ya mtu! Nimewahi kwenda kwa mganga nikarudi na maelezo yaliyonyooka kuliko hayo. Bei lakini aliijua bila kusoma mawingu: 90,000, pande zote mbili, na ufundi wake. Mfukoni nilikuwa na 40,000, na 20,000 ya hiyo ilikuwa na jina la mtu.

Jioni nikamkuta jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye gari hana ila ushauri anao. Akaniambia Japani kuna ukaguzi unaitwa shaken. Gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kulipitisha ni gharama. Wengine wakiona tarehe inakaribia wanaona heri waliuze. Likipanda meli, linakuja kwetu.

Nikakaa nikaielewa historia ya maisha yangu. Kumbe mwenzangu kule alipewa karatasi kama hii, akaisoma, akaamua. Alichoamua ndicho ninachoendesha. Haya, na mimi niamue nini? Mbele yangu hakuna meli nyingine. Mbele yangu kuna shemeji yangu, na yeye keshaniambia anataka la kwake lisilo na kotokoto.

Nikarudi ndani, nikachukua daftari la Neema la hesabu. Faini barabarani ni 30,000 kwa kosa moja. Boljointi ni 90,000. Maana yake nikikamatwa mara mbili bado nimepata faida ya 30,000. Nikafurahi, nikamwita Mama Neema nimwonyeshe. Akaangalia daftari, akaniangalia mimi.

"Baba Neema, Jumamosi si tunakwenda Singida kwa mama?"

Ndiyo. Kilomita kama 240 kwenda.

"Na kurudi tunateremka pale kwenye mlima, na mama yumo, na kuku."

Hesabu yangu nilikuwa nimemweka trafiki peke yake. Mteremko sikuuweka. Mama mkwe sikumweka. Kuku wa Singida sikuwaweka, na hao mnajua hawapatikani kirahisi.

"Halafu," akaongeza akitoka, "komeo la mlango wa choo nalo ulisema ni dogo. Huu mwaka wa tatu tunashika kwa mguu."

Basi nimekopa, nimefunga boljointi. Kotokoto imekwisha, na sasa kwa kuwa kumekuwa kimya nasikia vitu vingine vilivyokuwa vimefichwa na ile kelele, lakini sitaviuliza jina. Waipa nitanunua Desemba, mawingu yakionekana kwa macho. Ufa uko palepale, unasubiri stika mpya. Tairi la 3517 limerudi kulala kwenye buti.

Na ili nisionekane mkaidi, nikaweka bulbu ya taa ya namba, shilingi 2,000, dakika tano. Kijana wa gereji akasugua na pleti ya namba. Inang'aa!

Usiku huo huo nimepita mtaani taratibu, najisikia raia mwema. Sijazima gari vizuri nyumbani, simu inaita. Ni mwenye duka ninayedaiwa naye unga na mafuta tangu Juni.

"Jirani, nimekuona ukipita. Leo namba imesomeka vizuri kweli."