Bakteria wa Asidi: Kila Mgodi wa Salfaidi Unawafuga, Utake Usitake

Mgodi unaochimba mwamba wenye salfaidi, yaani madini ambamo salfa imeungana na metali, unafuga bakteria, hata kama mwenye mgodi hajawahi kulisikia jina lao. Ama anawafuga ndani ya matangi, anawalisha na kuwapa hewa, nao wanamfungulia dhahabu, shaba au kobalti. Ama wanajizalia wenyewe kwenye lundo la kifusi na bwawa la marudio (mabaki ya mwamba uliosagwa na kuchenjuliwa), na kazi yao inaonekana mtoni: maji mekundu yasiyo na samaki. Viumbe ni wale wale. Ninachoshikilia ni kwamba hesabu ya asidi ya lile lundo ifanywe kwanza, kabla ya baruti ya kwanza kulipuliwa.

Tuanze na chakula chao. Acidithiobacillus ferrooxidans, aliyegunduliwa mwaka 1947 katika maji ya asidi ya migodi ya makaa ya mawe nchini Marekani, hahitaji sukari wala majani yaliyooza. Nguvu anaipata kwa kunyang'anya elektroni kwenye chuma kilichoyeyuka, kile cha chaji mbili kikawa cha chaji tatu, na kaboni ya kujengea mwili anaichukua hewani. Ndugu yake, thiooxidans, anakula salfa na kuigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Leptospirillum hawezi kula salfa kabisa, ni chuma tu, lakini anastahimili asidi kali na chuma kingi cha chaji tatu, ndiyo maana kwenye matangi mengi yeye ndiye anayewazidi wenzake kwa idadi. Kwa viumbe hawa pH 1.5 (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ndiyo nyumbani.

Wengi hudhani bakteria wanalitafuna jiwe. Kazi kubwa ya kulishambulia inafanywa na kile chuma cha chaji tatu. Pairaiti, salfaidi ya chuma, inapovunjika kwa njia hii, kila kipimo kimoja chake hutumia ayoni (atomi zenye chaji) 14 za chuma hicho, na zikishatumika zinarudi kuwa za chaji mbili, zimeishiwa nguvu. Katika pH ya 3 na kushuka, oksijeni peke yake ingechukua miaka kuzirudishia ukali wake. Mwaka 1970 watafiti Singer na Stumm walionyesha kwamba bakteria huiharakisha hatua hiyo zaidi ya mara milioni moja. Kwa hiyo anayefuga bakteria hawa kwa kweli anaendesha kiwanda cha kuchaji chuma upya, na mambo yote mengine mgodini yanafuata hapo.

Kwenye dhahabu, tatizo linalotatuliwa ni hili: chembe ndogo sana za dhahabu zimefungiwa ndani ya pairaiti na arsenopairaiti (salfaidi ya chuma yenye aseniki), na sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, haizifikii. Kiwanda cha kwanza cha kibiashara cha kuzifungua kwa bakteria ndani ya matangi kilianza mwaka 1986 katika mgodi wa Fairview, Barberton, Afrika Kusini. Makinikia, yaani madini yaliyokwisha kutengwa na mwamba mtupu, husagwa laini, yakachanganywa na maji hadi tope liwe na takriban asilimia 20 ya yabisi kwa uzito. Ukiongeza zaidi ya hapo kwa tamaa ya uzalishaji, oksijeni haipenyi vya kutosha na mikwaruzo ya chembe inawaumiza bakteria. Joto liwe kati ya nyuzi 40 na 45, pH kati ya 1.2 na 1.8, na mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu iongezwe kwa kipimo. Tope hukaa siku 4 hadi 6 kwa jumla. Matangi ya mwanzo hupangwa sambamba, si kwa mfululizo, ili karibu nusu ya muda huo iishie hapo. Bakteria wasipopata muda wa kuzaliana katika hatua ya kwanza, wanasombwa na tope kuliko wanavyoongezeka, na baada ya siku chache tangi linabaki na asidi isiyo na wafanyakazi.

Hewa ndiyo gharama, na hapa ndipo bajeti nyingi zinakosea. Kilo moja ya pairaiti ikiooksidishwa yote inameza kilo moja ya oksijeni. Ukichukulia kwamba theluthi moja tu ya oksijeni unayopuliza ndiyo inayotumika, kila tani ya pairaiti inadai zaidi ya meta za ujazo 10,000 za hewa. Oksijeni iliyoyeyuka isishuke chini ya miligramu 2 kwa lita. Kisha kuna joto: uoksidishaji huu unazalisha joto jingi mno, kwa hiyo mabomba ya kupoza ndani ya tangi ni lazima. Umeme ukikatika, hewa inakoma na yabisi yanazama. Jenereta ya dharura iwashe vipuliza hewa na vikorogeo kabla ya kitu kingine chochote.

Yapo mengine yanayoua mfugo. pH ikipanda karibu na 2, chuma kinaganda kuwa madini yaitwayo jarosaiti, kinajibandika juu ya chembe na kwenye mabomba. Ikishuka chini ya 1, wengi wao wanazubaa. Unga wa mawe ya chokaa unaipandisha na kuwapa kabonidayoksaidi papo hapo. Lakini kosa baya kuliko yote ni kurudisha maji kutoka upande wa sianidi. Sianidi na thayosianeti, hata kwa kiasi kidogo sana, vinawamaliza. Mizunguko hiyo miwili ya maji itenganishwe kwa mabomba, isitegemee uangalifu wa mtu wa zamu. Na kinyume chake: tope la asidi lisikutane na sianidi kabla ya kuoshwa vizuri na kupandishwa kwa chokaa hadi pH 10.5 au zaidi, la sivyo inatoka gesi ya sianidi ya haidrojeni, na gesi hiyo inaua watu. Aseniki iliyoyeyuka inagandishwa pamoja na chuma, kwa uwiano wa angalau atomi 3 za chuma kwa 1 ya aseniki, pH ikipandishwa kwanza hadi 4 au 5, kisha 7 au 8.

Shaba huchenjuliwa zaidi kwenye malundo yanayonyunyiziwa asidi. Kalkosaiti, salfaidi ya shaba, inakubali kwa miezi. Kalkopairaiti, madini ya shaba yaliyo mengi kuliko yote, inajifunika utando na kugoma katika joto la kawaida.

Sasa lile lundo la nje. Kasese, Uganda, inatufundisha pande zote mbili: pairaiti yenye kobalti iliyobaki kutoka mgodi wa shaba wa Kilembe ilikaa wazi kwa miaka mingi, asidi ikitiririka na kuua mimea hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kabla ya kiwanda cha bakteria kuanza mwaka 1999 kuitoa ile kobalti. Wakati huo wote bakteria walikuwa kazini bila msimamizi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila asilimia moja ya salfa ya salfaidi katika tani moja ya kifusi inahitaji kilo 31.25 za mawe ya chokaa kuizima. Kifusi cha tani milioni moja chenye asilimia 2 kinadai tani 62,500. Linganisha uwezo wa mwamba wenyewe kuzima asidi na uwezo wake wa kuitengeneza. Uwiano chini ya 1, tarajia asidi. Kati ya 1 na 2, usikisie: weka kilo moja ya sampuli kwenye chombo cha unyevu, siku 3 hewa kavu, siku 3 hewa yenye mvuke, siku ya 7 osha na upime maji, kwa wiki zisizopungua 20.

Wiki 20 zinaonekana nyingi kwa mwekezaji mwenye haraka, na ndiyo maana naona kibali kisitolewe bila matokeo hayo mezani. Salfaidi ikijulikana mapema inaweza kuele­shwa juu kwa povu na kutengwa na marudio mengine, kisha ikazamishwa chini ya maji, ambako oksijeni husafiri polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Ikijulikana baada ya lundo kuanza kuvuja, kinachobaki ni kumwaga chokaa kwenye maji yanayotoka, mwaka baada ya mwaka, muda mrefu baada ya mgodi kufungwa na kampuni kuondoka.