Anayeanza eabrashi asianze na uso wa mtu

Kijana anayeitazama matatu mpya ikitoka karakana jijini Nairobi, ubavuni ikiwa na sura ya mwanamuziki iliyopulizwa rangi kwa ustadi hadi jasho la paji la uso linang'aa, hurudi nyumbani na tamaa moja tu, ya kuchora uso kama ule. Hununua eabrashi, kifaa kidogo cha mkononi kinachopuliza rangi kwa upepo, huijaza rangi, na baada ya wiki mbili kifaa hicho kimelala kabatini kikiwa kimeganda. Nilikuwa kijana huyo. Kwa maoni yangu, wengi wanaoacha kazi hii hawakushindwa na mkono bali na upepo, uzito wa rangi na uchafu, mambo ambayo hakuna anayeyatamani anapoitazama ile matatu.

Anayeanza na atumie sehemu kubwa ya fedha zake kwenye kompresa, mashine inayosukuma upepo, si kwenye eabrashi. Kompresa ndogo isiyo na tangi husukuma upepo kwa mapigo, na mapigo hayo huonekana kwenye mstari mwembamba, ilhali yenye tangi, kidhibiti cha presha na kichujio cha maji hutoa upepo uliotulia. Kichujio si pambo, hasa kwa aliye Mombasa au Tanga, kwa sababu unyevu wa hewa hugeuka matone ndani ya mpira wa upepo na kutemwa juu ya kazi iliyokaribia kwisha.

Eabrashi yenyewe iwe ya kikombe cha juu na kitufe cha hatua mbili, yaani ukikibonyeza kinatoa upepo na ukikivuta nyuma kinaachia rangi. Nozeli, yaani mdomo wa kutolea rangi, ya milimita 0.3 inatosha. Mimi nilinunua ya 0.2 nikidhani tundu dogo ndilo litakalonipa unywele wa nyusi, kumbe nilijinunulia kazi ya kuzibua. Rangi ya akriliki ya maji izimuliwe hadi iteremke ukingoni mwa kikombe kama maziwa freshi, si kama maziwa mala, kisha ijaribiwe kwa presha ya psi 20 hivi. Ikitawanyika karatasini kama miguu ya buibui, basi ni nyepesi mno, au presha imezidi, au mkono umesogea karibu kupita kiasi.

Baada ya hapo, gazeti la jana na nukta. Nukta mia moja, kisha mistari, kisha mistari inayoanza minene na kuishia kama ncha ya sindano, ambayo ndiyo hasa nywele na makunyanzi ya ule uso unaotamaniwa. Upepo hutangulia na rangi hufuata. Wakati wa kumaliza, rangi hufungwa kwanza huku upepo ukiendelea. Asiyeushika mpangilio huu ataona kitone kimekaa mwanzoni mwa kila mstari, naye atailaumu eabrashi bure.

Kuhusu mapafu, nasikitika kuwaona vijana wakipuliza rangi ya magari ya kuchanganywa na hadina, yaani kigumisho, wakiwa wamejifunga leso puani. Rangi nyingi za aina hiyo zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na leso haizuii mvuke wake. Anayejifunza hana haja nayo kabisa. Ya maji inamtosha, pamoja na barakoa yenye vichujio na dirisha lililo wazi.

Usafi ndio somo lililonigharimu zaidi. Rangi ikibadilishwa, kikombe hupulizwa maji hadi yatoke safi, na jioni sindano iliyo ndani ya eabrashi huvutwa ikapanguswa kwa kitambaa laini kuelekea nchani, kamwe si kinyume, kwa kuwa ncha ikipinda hata kidogo rangi huenda upande. Nozeli ni ndogo kuliko punje ya mchele. Yangu ya kwanza niliifungulia juu ya sinki, ikanidondoka, nikasikia mlio mmoja mdogo wa chuma, kisha maji tu. Siku hizi kabla sijaigusa nozeli huziba kwanza tundu la sinki kwa kitambaa.