Asilimia, postname, asilimia

Simu ya saa kumi na mbili asubuhi huwa ya msiba. Niliposikia sauti ya shangazi nikaketi kitandani kabisa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Tovuti yangu imekufa, na mwongozo wako ninao hapa mkononi."

Mwongozo wenyewe ulikuwa wa kuwaelekeza watu wa kawaida jinsi ya kupanga viungo vya kudumu, yaani zile anwani za makala kwenye tovuti inayoendeshwa na programu ya WordPress. Nilijitolea kuuandika kwa kuwa nilijiona fundi. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Muundo wa viungo vya kudumu huainisha umbo la anwani kupitia lebo badilifu zinazofasiriwa na programu." Niliisoma kwa sauti mara tatu, nikajipenda.

Kwa majaribio nikampa shangazi, mwalimu mstaafu, ambaye ana tovuti ya ufumaji. Anwani zake zote zilikuwa zinaishia na kitu kama ?p=123, naye alitaka zisomeke kwa jina la makala. Njia rahisi ipo: unabofya kiduara kimoja, unahifadhi, kwisha. Lakini mwongozo wangu ulikiruka hicho kiduara na kumpeleka moja kwa moja kwenye kisanduku cha kuandika muundo wako mwenyewe. Kubofya kiduara hakumpi mtu heshima ya ufundi.

Alikwama, akanipigia jana yake jioni.

"Andika asilimia, halafu postname, halafu asilimia," nikamwambia.

Nikasikia vitufe vikigongwa kimoja kimoja, kama mtu anayepukuchua mahindi.

"Inakataa. Inasema inataka lebo."

"Hebu nisomee ulichoandika."

"Asilimiapostnameasilimia."

Nikajifanya nakohoa. Nikamweleza kwamba ninamaanisha ile alama, mstari uliolala upande wenye viduara viwili.

"Si ile ya riba ya mkopo!"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa ungesema."

Akaandika %postname%, ile lebo inayoshika nafasi ya jina la makala, akahifadhi, programu ikakubali. "Ila kuna maandishi mengi yametokea huku chini," akasema. "Yanataja faili fulani."

Hatua ya saba ya mwongozo wangu ilisema: "Puuza maelezo yanayotokea chini ya ukurasa." Kwangu mimi hayakuwahi kutokea, kwa hiyo nilidhani ni mapambo. Mwalimu akatii kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Tukafungua ukurasa wa mwanzo, ukafunguka vizuri, tukapongezana, tukalala.

Asubuhi ndiyo akabofya makala. Ya kwanza 404, yaani ukurasa haupatikani. Ya pili 404. Alizijaribu zote sitini na tatu, maana hajawahi kusahihisha nusu ya darasa.

Kumbe yale maandishi ya chini yalikuwa yanaomba msaada. Seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, haina folda inayoitwa kufuma-soksi-za-mtoto. Hilo ni jina tu. Inahitaji mistari michache kwenye faili lake la maagizo, .htaccess, inayoiambia: ukiulizwa kitu usichokijua, mpelekee programu, yeye anakijua. Programu ilijaribu kuiandika mistari hiyo, ikanyimwa ruhusa, ikatuwekea pale chini tuibandike wenyewe. Nasi tukaipuuza kwa maagizo ya fundi.

"Shangazi, fungua faili la .htaccess."

"Halipo."

"Lipo. Halionekani kwa sababu jina lake linaanza na nukta."

Kimya kirefu.

"Mwanangu, umeanza lini mambo ya mizimu?"

Nikamwambia arudishe ule mpango wa zamani wa namba, kwa sababu huo hauhitaji mistari hiyo. Makala zote zikafufuka mara moja. Jioni nikaenda mwenyewe, nikaonyesha faili zilizofichwa, nikabandika mistari, tukarudi kwenye majina. Na anwani za namba alizokwishawapa watu? Programu inazielekeza yenyewe kwenye mpya, ndiyo bahati pekee niliyokuwa nayo siku hiyo.

Ili kurudisha heshima kidogo nikamwambia kwamba Tim Berners-Lee, aliyevumbua wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki.

"Kumbe mlikuwa mnajua," akasema. "Ndiyo ukaniambia nibadilishe?"

Akanirudishia mwongozo ukiwa umejaa wino mwekundu. Penye "lebo badilifu" ameandika: "Nani huyu?" Kiduara amekipandisha hadi hatua ya kwanza. "Puuza" imekatwa mistari miwili, juu yake: "SOMA. Usipoelewa, usifunge ukurasa, ita mtu." Penye habari ya kubadilisha anwani ameongeza kwa mkono wake: "Fikiri kabla hujaanza kuzigawa. Ukishagawa, umeoa."

Chini kabisa kuna alama, 3/10, na maoni ya mwalimu: "Mwandiko mzuri." Nilikuwa nimechapa.